Kichwa cha Barua Kisomeke

Jumatatu, 3 Machi
Kichwa: Habari za huko

Fundi,

Mama anaendeleaje? Mkuu alitutangazia Ijumaa kwamba umeomba ruhusa ya wiki sita ukamuuguze, na kwamba kazi ndogo ndogo utazifanyia hukohuko kwake. Ofisi nzima imenituma nikupe pole. Bwana Rangi alisema mtu yeyote asikusumbue, na dakika kumi baadaye akaniuliza kama unaweza kumtumia zile herufi za bango la maktaba. Unamjua mwenyewe.

Nakuandikia pembeni, nje ya orodha, kwa sababu orodha yenyewe ndiyo iliyoniletea balaa. Unajua tulivyo: ofisi ya michoro na herufi, watu kumi na wanane, ghorofa mbili, na anwani moja ya barua pepe ambayo ukiiandikia inamfikia kila mtu. Wiki iliyopita kiwanda cha uchapaji kilihamisha siku ya kuchukua kazi zetu kutoka Ijumaa hadi Jumatano. Aliyepewa habari ni mchora picha wetu, naye alitufikishia sote siku ileile, siwezi kumlaumu. Ila alitufikishia chini kabisa ya barua yenye kichwa "Jibu: Jibu: Jibu: nani amechukua kikombe changu cha bluu". Hakuna aliyeifungua. Jumatano gari la kiwanda likaja, dereva akasubiri nusu saa mlangoni, likaondoka tupu.

Mkuu akaitisha kikao. Uamuzi wake: kila barua ya orodha ianze na lebo, neno la kumwambia mtu mbele ni barua gani hii. Kuzichagua hizo lebo nimeachiwa mimi, "kwa kuwa wewe ndiye mlalamikaji mkubwa." Mwisho wa mwezi akiona bado ni vurugu, orodha inafungwa, na kila mtu atamwandikia yeye peke yake, halafu yeye ndiye atakayegawa. Fundi, yule mtu ana trei mezani yenye barua za mwaka juzi. Tukifika huko tumekwisha.

Kwa hiyo nimekaa nikatunga lebo kumi na moja: [RSM], [UAM], [MN], [MJD], [TRF], [MKT], [HRF], [RNG], [UCH], [DHR], [KWD]. Nimezifupisha ili zisile nafasi. Wewe ndiye mtu wa herufi, niambie ukweli. Mimi mwenyewe nimezipenda sana.

Mratibu wako


Alhamisi, 6 Machi
Kichwa: Jibu la barua yako ya tarehe 3, kuhusu lebo

Dada Mratibu,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta wewe na wenzetu wote mkiwa wazima wa afya. Mama hajambo, anaomba msihangaike juu yake. Anakula vizuri, anatembea, anafua, na kwa kweli haonekani mgonjwa hata kidogo.

Kuhusu lebo: nimezisikiliza zote kumi na moja, na sikuelewa hata moja. RSM inatamkwaje? MN ni maoni, ni mnada, au ni minong'ono? Fikiria mtu anasomewa kichwa cha barua na mwenzake huku mikono yake ina shughuli nyingine. Lebo isiyotamkika haimfikii. Hebu jaribu: simama sebuleni, msomee mtu aliye jikoni.

Pili, simu hukata kichwa cha barua baada ya maneno manne au matano. Lebo ikae mwanzo kabisa, nayo iwe neno moja.

Tatu, lebo zako nyingi zinataja barua inahusu nini: rangi, herufi, mkutano. Hayo kichwa chenyewe kitayasema. Lebo imwambie mpokeaji anatakiwa afanye nini na barua hiyo. Aamue? Atoe maoni? Atazame mchoro? Au ajue tu, kisha aendelee na kazi zake?

Wako katika kazi,
Fundi Herufi


Ijumaa, 7 Machi
Kichwa: Haya bwana

Fundi,

Umepatwa na nini? Barua zako za siku zote ni "sawa nimeona tutaongea", bila nukta wala salamu. Leo nimeletewa koma, nukta mbili, na pili na tatu zimepangwa kama askari. Hewa ya huko inakufaa.

Nimefanya jaribio lako. Nilisimama kwenye korido nikamsomea dada wa mapokezi, ambaye alikuwa anaosha vikombe: "MJD, rangi za jalada." Akanijibu, "Pole, ulianza kuumwa lini?" Nikarudi mezani nikafuta zote.

Mpya ni hizi tano, maneno mazima, ukiyasema yanasikika:

UAMUZI: kuna jambo la kuamuliwa.
MAONI: tunataka mawazo yenu.
RASIMU: kuna mchoro wa kutazama.
TAARIFA: jua tu, hudaiwi jibu.
DHARURA: acha ulichoshika.

Tunaanza Jumatatu. Mabano nayo nimeyatupa, tutatumia nukta mbili basi.

Tumemtumia Mama kadi ya pole kwa posta. Tumetia saini wote. Mkuu ameandika mistari miwili mizima, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

Mratibu


Jumatano, 12 Machi
Kichwa: Kadi imefika, pia kuhusu lebo ya DHARURA

Dada Mratibu,

Salamu. Kadi imefika salama. Mama ameisoma mara mbili, akaiweka juu ya kabati la vyombo. Anasema haijapata kutokea maishani mwake akapewa pole nzuri kama hii bila kuumwa popote hapana Mama hilo usiliandike lifute rudi nyuma. Dada Mratibu, tunashukuru sana kwa kadi.

Sasa kuhusu lebo. Tano zako ni nzuri, zinasikika. Ila tangu Jumatatu nimehesabu DHARURA kumi na nne. Ya kwanza ilikuwa ufunguo wa kabati la karatasi. Ya tatu ilikuwa Bwana Rangi kutaka kujua kama dirisha la ghorofa ya juu limefungwa, maana mawingu yametanda. Ya tisa ilikuwa mtu kuomba radhi kwa ile ya nane. Kila inaposomwa DHARURA moyo wangu unaruka, na kufikia jana hauruki tena, ndiyo hatari yake. Naona uiondoe. Jengo likishika moto hakuna atakayeandika barua pepe; atapiga kelele.

Mahali pake naomba pawe na lebo ya mazungumzo ya kawaida. Vikombe, madirisha, nani ana chaja. Hayo ndiyo yaliyoificha habari ya gari la kiwanda. Yape chumba chake.

Wako katika kazi,
Fundi Herufi


Ijumaa, 14 Machi
Kichwa: TAARIFA: DHARURA imezikwa leo

Fundi,

Naanza na hili: "hapana Mama hilo usiliandike" ni nini? Nimeisoma sentensi ile mara tatu. Nani anaandika barua zako? Na mgonjwa asiyeumwa popote ni mgonjwa wa namna gani?

Haya, ngoja nikupe ya huku. DHARURA nimeiondoa na hakuna aliyelia. Chumba cha mazungumzo ndicho kilichonipeleka ofisini kwa Mkuu. Nilipendekeza lebo iitwe POROJO. Akanitazama juu ya miwani. Akasema hawezi kuidhinisha porojo saa za kazi kwa maandishi. Nikamwambia, "Porojo zipo tangu siku nyingi, Mkuu. Tunachochagua ni zikae wapi." Akageuza kalamu mara mbili tatu, akasema tujaribu wiki mbili.

Nikatangaza saa tano. Hadi saa sita POROJO zilikuwa ishirini na mbili, na barua za kazi zilikuwa tatu tu, zimekaa peupe, kila moja unaiona. Mchora picha amepata kikombe chake cha bluu. Kilikuwa kwa Mkuu.

Nijibu lile swali.

Mratibu


Jumatatu, 17 Machi
Kichwa: Jibu kuhusu sentensi ya tarehe 12

Dada Mratibu,

Mama hunisaidia kuandika nikiwa na shughuli. Nasema, yeye anaandika. Alikuwa mwalimu miaka thelathini na minne, ndiyo sababu ya koma. Siku ile alikuwa na nafuu, akatania. Usijali.

Naomba jambo moja tu kwenye UAMUZI. Liandikwe jina la anayetakiwa kuamua, na siku ya mwisho, palepale kwenye kichwa. Bila hivyo watu kumi na wanane wote hudhani anaulizwa mwingine.

Fundi Herufi


Jumanne, 25 Machi
Kichwa: UAMUZI: Fundi Herufi, Alhamisi saa nne, tarakimu za kikombe cha dawa

Fundi,

Hii nimeituma pia kwenye orodha, lakini nakuletea na hapa pembeni, kwa kuwa Mkuu anataka kuona lebo ikifanya kazi mpaka mwisho kabla hajatamka lolote kuhusu kuifunga orodha.

Ni kile kikombe cha plastiki cha kupimia dawa ya maji ya watoto. Mistari mitatu, mililita 3, 5 na 8, na tarakimu ulizozichora mwenyewe Januari. Kiwanda kimeleta picha za sampuli za kwanza, ziko kwenye kiambatisho. Wanataka neno lako tu: zichapwe zilivyo, au zirudi. Wakishaanza wanachapa laki mbili kwa mkupuo, hakuna kurudi nyuma.

Zinapendeza, mimi naziona ziko vizuri. Lakini si jina langu lililo kwenye kichwa.

Msalimie Mama.

Mratibu


Alhamisi, 27 Machi
Kichwa: UAMUZI: Fundi Herufi, saa nne imepita

Fundi,

Saa sita sasa. Siku tatu sijapata hata "sawa" yako. Nimewaomba kiwanda wanisubiri hadi kesho saa tisa, wamekubali kwa shingo upande. Mkuu amepita mezani kwangu mara mbili.

Kama Mama amezidiwa, niambie tu, nitampa mtu mwingine kazi hii. Kama ni jambo jingine, niambie vilevile.

Mratibu


Alhamisi, 27 Machi
Kichwa: TAARIFA: kwa nini sijajibu

Dada Mratibu,

Mama haumwi. Hajaumwa hata siku moja. Mgonjwa ni mimi.

Kitambaa cha ndani ya jicho langu la kulia kilianza kubanduka, kama karatasi ya ukutani ikipata unyevu. Nilikuwa naona kivuli pembeni tangu mwanzo wa Februari, nikidhani ni uchovu. Nilifanyiwa upasuaji Jumamosi ya tarehe mosi. Daktari alilifunga jicho hilo, akalifunga na la kushoto kwa muda, kwa maana moja likisoma na lingine linatembea. Nimekatazwa kusoma, skrini, kuinama na kubeba kitu. Tangu siku hiyo nakaa kwenye kiti cha Mama karibu na dirisha, na yeye ananisomea.

Sikusema kwa sababu namkumbuka yule mchora ramani wa ghorofa ya juu. Alipovunjika mkono, kazi zake zikagawanywa ndani ya wiki moja, na aliporudi akakuta kiti chake kina mtu. Mimi mkate wangu uko kwenye jicho. Nikaona nikisema nina mama mgonjwa watu watanisikitikia, na nikisema nina jicho bovu watatafuta fundi mwingine.

Basi Jumanne Mama akanisomea kichwa cha barua yako. Sikuhitaji hata kuifungua. Nilijua nimeitwa kwa jina, najua na siku. Nikamwambia aandike: "Nimeangalia, ziko sawa, zichapwe." Zile tarakimu nilizichora mimi, nazijua kama mfuko wangu. Sikusikia kidole chake kikigusa simu. Nikamwuliza kulikoni.

Akasema, "Umeangalia kwa jicho lipi?"

Nikamweleza kwamba ni jambo la kawaida, ni kutia saini tu. Akaiweka simu mezani, akaenda kukunja nguo. Jana ikapita hivyohivyo. Asubuhi hii nikamwambia tena aandike, akasema atanisomea barua zangu mpaka macho yake nayo yachoke, na atanilisha, na atanikogesha ikibidi, lakini dawa za watoto wa watu hataziandikia uongo. Akasema kama nataka kudanganya nijifunze kupapasa herufi mwenyewe.

Kwa hiyo jibu langu la UAMUZI ni hili: sijaziona, na siwezi kuziona. Mwonyeshe Mkuu barua hii. Akiamua kumpa mtu kiti changu, naomba nisikie kutoka kwako.

Fundi

Mwanangu Mratibu, hapa ni mimi, mama yake. Ameniruhusu mistari miwili. Ile sentensi ya tarehe 12 sikusahau kuifuta. Niliichoka kadi ile kabatini, kila nikipita inanipa pole.


Ijumaa, 28 Machi
Kichwa: TAARIFA: alichosema Mkuu

Mama, shikamoo. Najua wewe ndiye unayesoma, kwa hiyo naanza na wewe. Naomba radhi kwa kukuuguza bila kukuuliza. Kadi unaweza kuitoa kabatini.

Na wewe Fundi. Nimekasirika, na nimelia kidogo chooni, na sasa nimemaliza yote mawili. Ungeniambia. Mimi si ofisi, mimi ni mimi.

Nilimpelekea Mkuu barua yako ikiwa imechapwa kwenye karatasi. Aliisoma amesimama. Akaketi, akaisoma tena. Akavua miwani. Nilikuwa nimejipanga kukutetea, hotuba yote iko kichwani, na sikuitumia, kwa sababu aliuliza swali moja tu: "Nani aliyekataa kuandika?"

Nikamwambia ni mama yako.

Akasema, "Huyo mtumieni vikombe."

Ndivyo ilivyokuwa. Kiwanda kimeambiwa kisubiri wiki nzima, na Mkuu ndiye aliyewapigia simu, si mimi. Kifurushi cha sampuli kumi na mbili kimeondoka na basi la saa nane, kitafika kesho. Mama, tunaomba uvitumie kama mtu wa nyumbani anavyotumia, utuandikie unachokiona. Usitusitiri.

Kuhusu kiti chako: Mkuu amesema kisiguswe, na kuhusu yule mchora ramani akasema, taratibu, kama anajiambia mwenyewe, kwamba lile lilikuwa kosa lake. Bwana Rangi tayari amebandika karatasi kwenye kiti chako. Imeandikwa MAONI HAYAHITAJIKI.

Mratibu


Jumanne, 1 Aprili
Kichwa: TAARIFA: matokeo ya vikombe kumi na viwili

Mwanangu Mratibu,

Marahaba. Naandika kwa jina langu mwenyewe, na mwanangu amekaa hapa ananisikiliza.

Nimevijaribu vikombe mchana, dirishani, nikiwa na miwani. Vinapendeza. Tano inasomeka vizuri. Tatizo ni tatu na nane. Tatu imechorwa mikia yake ikajikunja ndani hadi karibu ifunge, na kwa kuwa namba ni ndogo na nyeupe juu ya plastiki inayopitisha mwanga, ile nafasi iliyobaki inapotea. Nikiitazama haraka naona nane mbili, moja chini na moja juu.

Nikaona labda ni uzee wangu. Nikamwita jirani, ana watoto wawili wadogo na macho ya kutunga sindano. Nikampa jagi la maji, nikamwambia apime tatu, mara kumi, huku mtoto wake mdogo amemng'ang'ania sketi, kama ilivyo nyumbani kwa kila mtu. Mara nne maji yalifika mstari wa juu. Alipogundua, alikiweka kikombe mezani akawa hataki kukishika tena.

Mwanangu nilimwambia yote, sikumpunguzia. Aliiacha chai yake hadi ikapoa. Kisha akasema tatu ile aliikunja hivyo kwa ajili ya uzuri, ili ifanane na nane, zikae kama ndugu. Akasema, "Mama, hata ningeziona kwa macho yangu mazima, ningesema ziko sawa." Hilo ndilo lililomwumiza zaidi, nami nalileta kwako jinsi alivyolisema.

Zirudisheni.

Mama wa Fundi


Jumanne, 8 Aprili
Kichwa: RASIMU: tatu mpya

Mama shikamoo, Fundi salama.

Nimeona niweke hili kwenye maandishi, kwa kuwa ghorofa nzima bado inalizungumza. Mnajua sehemu yenu, sasa sikieni ya huku. Fundi aliposema kwenye simu "ipe tatu paa bapa, ifungue mdomo", Bwana Rangi alichora tatu arobaini. Ile iliyochukuliwa ni ya thelathini na moja. Kila alipoona imekaa vizuri aliichapa kubwa kama sahani, akaituma huko kwa basi pamoja na nyingine tano, na Mama akazikata kwa mkasi, na Fundi akazipapasa kwa vidole akiwa na simu sikioni. Bwana Rangi anasema hajawahi kusimamiwa vikali namna hiyo na mtu asiyemwona. "Mkia wa chini umenenepa," anaambiwa. Anapima. Kweli umenenepa.

Sampuli mpya zilifika jana. Tatu ina kichwa bapa sasa, kama meza, na hakuna namna ya kuifananisha na nane. Nilimpa dada wa mapokezi apime mara ishirini, nikimsemesha makusudi. Mara ishirini amepatia. Kiwanda kimeanza kuchapa leo asubuhi.

Mkuu hajasema kwamba orodha inabaki. Ila jana ametuma POROJO yake ya kwanza. Anauliza kuna anayejua la kufanya viatu vipya vikilia kila unapopiga hatua. Nikajua tumepona.

Mratibu


Jumatano, 16 Aprili
Kichwa: naona

dada mratibu

daktari amenifungua jana la kushoto zima la kulia lina ukungu kidogo amesema utapungua mpaka juni naruhusiwa skrini nusu saa kwa siku na hii ndio nusu saa ya kwanza naitumia kwako

nimekiona kikombe. tatu ni mbaya kidogo na ni sawa kabisa

Mama amesimama nyuma yangu anasikitikia koma. Nimemwambia jumatatu ijayo narudi akasema atanikumbuka kwa kiasi

nisamehe kwa mengine. nitakuambia nikifika

fundi


Jumatatu, 5 Mei
Kichwa: Jibu: UAMUZI: Mama wa Fundi, kabla ya Ijumaa, saa ya stendi

Mwanangu Mratibu,

Uliniuliza kama uniondoe kwenye orodha, mliyoniingiza wakati wa vikombe, sasa kwa kuwa mwanangu amesharudi kazini wiki mbili zilizopita. Nilikuwa natafuta namna ya kukujibu bila kuonekana naomba, na kabla sijaipata ikaniingia barua ya Mkuu mwenyewe, ina lebo, ina jina langu na siku ya mwisho. Nimeketi nayo muda mrefu. Miaka thelathini na minne nimewaandikia watoto wa watu alama pembeni ya daftari, na tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza lolote linalotaka jibu, ukiacha fundi bomba.

Kwa hiyo usiniondoe.

Nimeifanya kazi hivi. Ile picha kubwa ya uso wa saa mliyonitumia nimeibandika ukutani mwisho wa korido, nikarudi nyuma hatua kumi na nane, nikamwita jirani na mumewe na mzee wa nyumba ya tatu ambaye hataki kuvaa miwani. Kila mmoja nilimsomesha peke yake ili asimwibie mwenzake. Moja hadi tano zinasomeka. Saba na nane, na kumi hadi kumi na mbili, ziko salama. Sita na tisa zinachanganya mtu akiwa anatembea, na mtu wa stendi anatembea siku zote. Mzee alizikosa zote mbili, jirani alikosa moja. Hizo mbili zirudi, nyingine zipite. Huo ndio uamuzi wangu, nimeutuma kwenye orodha leo saa tatu asubuhi, kila mtu ameupata kwa wakati mmoja.

Mwanangu ndiye aliyezichora. Alinipigia simu jana, akaanza na habari za afya, akazungukazunguka kwenye hali ya hewa, mwisho akataka nimnong'oneze matokeo.

Nikamwambia asubiri barua kama wenzake kumi na saba.

Mama wa Fundi